Kichuguu cha Nyanya Anastasie

Majogoo wa Lusamba walikuwa bado wanabishana, na Emilienne alikuwa ameshafika nusu ya njia ya mtoni, ngata kichwani na mtungi juu ya ngata. Alikuwa msichana wa miaka kumi na miwili, mwembamba, mwepesi wa miguu. Njia ile aliijua hata kwa nyayo: kwanza mihogo ya misheni, kisha mteremko wa changarawe, kisha mashamba ya pamba, na mwisho bonde lenye maji. Kwenda ilikuwa rahisi. Kurudi, maji yakimchuruzikia shingoni, ilikuwa kazi ya mtu mzima.

Zamani haikuwa hivyo. Nyuma ya kijiji, chini ya mlima, palikuwa na chemchemi iitwayo Luzimbe, na nyanya yake, Anastasie, alipenda kumsimulia jinsi maji yake yalivyokuwa yakitoka baridi hata jua likiwa utosini. Lakini miti ya mlima ilikatwa. Ilianza kwa ajili ya mpunga, ikaendelea kwa ajili ya pamba, ambayo Wabelgiji waliamuru kila mtu mzima ailime. Mlima ukabaki uchi. Mvua ikinyesha, udongo unateremka hadi nyuani kwa watu. Kiangazi kikifika, Luzimbe inageuka tope lililojaa nyayo za mbuzi.

Emilienne na Nyanya Anastasie waliishi wawili tu. Baba alifanya kazi katika machimbo ya dhahabu kule Salamabila, na mama alikuwa naye huko pamoja na wadogo. Emilienne aliachwa Lusamba kwa sababu ya shule ya misheni, na kwa sababu ya goti la Nyanya. Goti hilo lilivimba mwaka uliotangulia na halikutaka tena kusikia habari za miteremko. Basi maji yote ya nyumba yakawa juu ya kichwa cha mtoto mmoja, na mara nyingi mtoto huyo alifika shuleni wenzake wakiwa wameshaanza kusoma. Mwalimu alikwisha kumwonya: akiendelea kuchelewa, nafasi yake atapewa mwingine.

Nyanya aliposikia onyo hilo alisema, "Basi tuache mtungi. Mimi nitakunywa umande."

Emilienne alicheka, na Nyanya akacheka, lakini kesho yake alfajiri mtoto alikuwa tena mteremkoni.

Ndiyo maana, siku monitere Gérard alipowakusanya watu na kuwaeleza habari ya msaada wa Leta, yaani serikali, hakuna aliyesikiliza kwa masikio yaliyo wazi kuliko Emilienne. Gérard alikuwa kijana wa Kasongo aliyesomea ukulima, na kazi yake ilikuwa kuzunguka vijijini kwa baiskeli akiwaelekeza wakulima. Alieleza kwamba serikali imetenga msaada kwa vijiji vitakavyokubali kushirikiana kutunza ardhi na maji yao. Leta itatoa simenti, bomba na fundi wa kuijengea chemchemi, pamoja na mashine ya mkono ya kukoboa mpunga. Wanakijiji watatoa mawe, mchanga na nguvu zao, na wataurudishia mlima miti yake.

Watu walitazamana. Leta waliyoijua wao ilidai kodi, ilidai pamba, ilidai watu wa kulima barabara.

"Leta inatoa?" Nyanya Anastasie aliuliza kutoka nyuma, alikokuwa ameketi goti limenyooshwa. "Inaumwa?"

Watu walicheka hadi monitere mwenyewe akafunika mdomo. Kisha akaendelea kueleza sharti lililobaki, na hapo kicheko kikakatika. Luzimbe inapita Lusamba, halafu inateremka hadi Kimalenga, kijiji cha Waislamu kilichoko bondeni. Kwa hiyo vijiji vyote viwili viungane: kitalu kimoja cha miche, kazi moja, chemchemi moja. Upande wa Kabambare kuna vijiji vingine vinavyoomba msaada huo huo, na simenti haitoshi kwa wote. Bwana Agronomu, Mzungu msimamizi wa ukulima, atakuja mwenyewe kutoka Kasongo mvua zikianza kukolea. Akikuta miche iko hai na watu wanashirikiana, msaada utakuja huku. Akikuta vingine, utaelekea Kabambare.

Lusamba na Kimalenga hawakuwa maadui. Walioana, walizikana, waliuziana samaki na mawese. Lakini kila kuku aliyepotea Lusamba alisemekana ameonekana Kimalenga, na kila mtego ulioibiwa Kimalenga ulisemekana uko Lusamba. Hata hivyo walikubali, maana kiu haina dini. Kapita Jean-Baptiste, mkuu wa Lusamba, alitoa uwanja wa kitalu, kapita Hemedi wa Kimalenga akatoa mlinzi.

Mlinzi huyo aliitwa Moustapha, mtu mrefu mwenye ndevu chache, ambaye aliongea na miche kama mtu anavyoongea na vifaranga. Watu wa vijiji viwili walimsaidia kujaza udongo mweusi katika vikapu vidogo vya magome ya mgomba, kila kikapu mche mmoja, kwa mbegu zilizoletwa na lori la serikali. Juu ya vikapu hivyo walijenga banda la kivuli, nguzo za mianzi na paa la makuti ya mngazi, yaani mchikichi. Moustapha alifunga makuti yote kwa mikono yake, kwa kamba ya ngozi ya mgomba aliyoipindua mara mbili na kuichomeka ncha ndani, fundo ambalo hakuna mwingine aliyelifunga.

"Mche mudogo ni kama mutoto muchanga," aliwaambia wasichana wawili waliopewa kazi ya kumwagilia. "Maji peke yake hayamutoshi. Jua likimupiga kichwani, basi."

Wasichana hao walikuwa Emilienne na Binti, mtoto wa Moustapha mwenyewe. Kabla ya kitalu walikuwa wakisalimiana tu njiani. Baada ya kumwagilia pamoja kiangazi chote, wakichota tope la Luzimbe kwa kibuyu na kulichuja kwa kitambaa, walikuwa hawaachani. Binti alikuwa na ulimi. Alimwita Emilienne "mwalimu wa vikapu" kwa sababu alizoea kuvipanga upya kila vilipopinda, na Emilienne alimwita "redio ya Kasongo".

*

Mvua ya kwanza ilikuja siku ya Ijumaa, alasiri. Ilinyesha kwa kishindo, ikalowesha vumbi la kiangazi chote, ikakata ghafla kama ilivyoanza. Siku hiyo Moustapha alikuwa amekwenda Kasongo kusali na kumwona kaka yake aliyekuwa mgonjwa, na Binti amefuatana naye. Wangerudi Jumapili. Kitalu kilikuwa chini ya macho ya Emilienne.

Lakini mvua ya kwanza Lusamba ina jambo lake. Ardhi ikishalowa na jua likarudi, kumbikumbi huanza kutoka katika vichuguu, na kila familia ina kichuguu chake. Kichuguu hicho hakisemwi. Mama humwonyesha binti yake, binti humwonyesha wake, na mtu hapiti njia ile ile kila mara asije akafuatwa. Kuuliza kichuguu cha mwenzako kilipo ni utovu wa adabu, na akikujibu, basi amekudanganya.

Cha Nyanya Anastasie kilikuwa katika kichaka kinene upande wa pili wa mlima, korongoni, mahali ambapo shoka halikufika kwa sababu ya mawe. Kila mwaka baba yake Emilienne alipanda mngazi, akakata makuti, na Nyanya akakijengea kichuguu kibanda cha fito, akakifunika pande zote, akaacha tundu moja lenye shimo la kukusanyia. Mwaka huu baba alikuwa Salamabila, na goti lilikuwa goti.

"Tuache tu," Nyanya alisema jioni ile, akitazama angani. "Kumbikumbi si dawa." Lakini macho yake hayakutoka mlimani, na Emilienne aliyaona.

Alfajiri alikwenda peke yake. Kufika kichuguuni alifika. Fito alipata. Makuti ndiyo hakupata, kwa maana mngazi ni mrefu na yeye hakuwa na mkanda wa kupandia. Ndipo alipokumbuka banda la kitalu. Aliwaza moyoni kwamba makuti yale yalikuwa ya kuzuia jua la kiangazi, na kiangazi kimekwisha. Mvua imefika, nani atazuia mvua? Tena angeyarudisha kesho. Akapanda juu ya gogo, akayakata kamba moja moja, akayabeba kichwani kwa safari kadhaa hadi upande mzima wa banda ukabaki mianzi mitupu. Hakujisikia mwizi. Alijisikia mjukuu mwema.

Jumamosi kumbikumbi hawakutoka mchana. Jua ndilo lililotoka, kali, jua lile linalokuja baada ya mvua ya kwanza kama limekasirishwa. Emilienne alizunguka kichuguu, akapiga ardhi kwa vijiti kama alivyofundishwa, akaimba nyimbo za kuwaita, akasubiri. Jua lilipoanza kushuka walitoka, kwanza mmoja mmoja, halafu kama moshi, wakaporomokea shimoni hadi kikapu kikajaa, na waliobaki akawafunga katika kitenge chake.

Nyanya aliwakaanga kwa chumvi kidogo, mafuta yao yenyewe yakitosha. Alifumba macho alipotia wa kwanza kinywani. Kisha akamshika Emilienne kichwa kwa mikono yote miwili, na Emilienne hakuwahi kuwa na furaha kama ile. Makuti aliyasahau huko huko kichuguuni.

*

Jumapili, baada ya misa, sauti ya Moustapha ndiyo iliyowaleta watu mbio. Hakuwa anapiga kelele. Alikuwa ameketi chini kati ya vikapu, akisema na mtu asiyeonekana. Miche ya upande wote usio na paa ilikuwa imelala. Majani yaliyokuwa kijani siku ya Ijumaa yalikuwa ya kahawia, yamejikunja kama karatasi karibu na moto.

Kapita Jean-Baptiste aliuliza nani aliyepita pale. Alipofika kwa Emilienne, mtoto alifungua mdomo, na maneno yaliyotoka hayakuwa yale aliyokusudia.

"Mvua ilinyesha, Papa Kapita. Sikuja kumwagilia."

Ilikuwa kweli, na ilikuwa uongo. Aliona Binti akimtazama kwa huruma, akidhani analilia miche.

Kisha mtu mmoja akasema kwamba kapita Hemedi wa Kimalenga alikuwa anaezeka jiko lake jipya. Mwingine akasema ndiyo, ameyaona makuti mabichi pale. Yalikuwa makuti ya Hemedi mwenyewe, ya mingazi yake mwenyewe, lakini nani alikuwa na haja ya kuuliza? Kabla jua halijazama, Lusamba nzima ilijua kwamba Moustapha aliondoka makusudi ili wenzake wapate kuiba, na Kapita Jean-Baptiste naye akalitamka mbele ya watu. Habari ilipofika bondeni, Hemedi alipanda mlima na vijana wake, akasimama mbele ya Jean-Baptiste, akasema kwa sauti ya chini sana kwamba watu wa Kimalenga hawatatia tena mkono katika kazi ya watu wanaowaita wezi. Mawe waliyokusanya kwa ajili ya chemchemi watayachukua. Moustapha aliweka kibuyu cha kumwagilia mlangoni kwa kapita, akaondoka bila kuaga.

Binti alipita mbele ya Emilienne. "Baba yangu hajawahi kuchukua hata sindano ya mutu," alisema. "Wewe unamujua. Na ulinyamaza."

Siku ile redio ya Kasongo haikusema zaidi.

Monitere Gérard alifika Jumatatu na baiskeli yake, akaviangalia vikapu, akavua kofia. Bwana Agronomu alikuwa anakuja Alhamisi. Aliwaomba wakuu wa vijiji viwili wakutane hapo kitaluni kesho yake, wasemezane kwa mara ya mwisho. Jean-Baptiste alikuwa na shauri lake: wapande vipande vya mihogo katika vikapu vilivyokufa, vitachipua majani, na Mzungu akipita haraka hataona tofauti. Gérard alitikisa kichwa, lakini hakuwa na shauri lingine.

Jioni hiyo Emilienne hakula. Nyanya alimsogezea sahani ya sombe, ile mboga ya majani ya mihogo, akaiweka karibu, kisha karibu zaidi.

"Sombe imekukosea nini?"

Mtoto akalia, na ndani ya kilio akasema yote: makuti, kamba, jua, kapita, Binti. Nyanya alisikiliza mpaka mwisho. Akatazama kile kikapu kidogo cha kumbikumbi waliokaushwa, kilichoning'inia juu ya moto.

"Kumbe nimekula miche," alisema taratibu. "Nimekula miche ya vijiji viwili, na nikafumba macho kwa utamu."

"Nyanya, nilitaka ufurahi."

"Nilifurahi. Hilo huwezi kulirudisha, na mimi silirudishi." Akamfuta machozi kwa upindo wa kitenge. "Ulikosa kwa mapenzi, mutoto wangu, na makosa ya namna hiyo naweza kuyabeba pamoja na wewe. Lakini Moustapha amebebeshwa mzigo ambao si wake. Huo siwezi kukusaidia kuubeba. Kesho utautua mwenyewe."

Emilienne aliuliza kama angeweza kumwambia Gérard faraghani. Nyanya akamjibu kwamba Moustapha hakutukanwa faraghani.

*

Jumanne asubuhi wakuu walisimama kitaluni, watu wa Lusamba upande mmoja, wa Kimalenga upande mwingine, vikapu katikati. Waliposogea waliona jambo ambalo halikuonekana tangu mwaka uliopita: Nyanya Anastasie akipanda mteremko kwa miguu yake, fimbo mkono huu, bega la mjukuu mkono ule. Moustapha, pamoja na hasira yake, alimletea gogo la kukalia. Hakulikalia.

Emilienne alisimama kando ya vikapu.

"Makuti nilichukua mimi," alisema. "Papa Moustapha hakujua. Papa Hemedi hakuchukua kitu. Nilidhani mvua imekuja, kivuli hakina kazi tena. Halafu nikaogopa, nikadanganya."

Kapita Jean-Baptiste ndiye aliyejibu, akisema kwamba mtoto ametumwa na watu wenye huruma. Msichana mdogo apeleke wapi makuti yote yale? Kama anayo, ayaonyeshe.

Emilienne aligeuka akamtazama Nyanya. Kuonyesha makuti kulikuwa kuonyesha kichuguu. Kichuguu hakikuwa chake kukitoa. Kilikuwa cha mama yake Nyanya, na cha mama yake huyo. Mbele yake kulikuwa na vijiji viwili vizima vyenye macho. Wanawake wote pale walielewa kwa nini amenyamaza, na baadhi yao wakatazama chini kwa adabu.

Nyanya Anastasie akaipiga fimbo ardhini.

"Twende," alisema. "Kiko nyuma ya mlima, korongoni. Mnaojifanya hamkitafuti miaka yote hii, leo mtafika bila jasho."

Kicheko kikapita upande wa Lusamba na upande wa Kimalenga kwa wakati mmoja. Moustapha na Hemedi walimkalisha mama mkubwa huyo kwenye kiti cha mianzi, wakambeba, yeye akiwalaumu njia nzima kwamba wanamtikisa kama gunia la mpunga.

Makuti yalikuwa pale, yamekizunguka kichuguu. Moustapha aliinama, akaokota moja. Kipande cha kamba kilikuwa bado kimeshika, kimepinduliwa mara mbili, ncha imechomekwa ndani. Alikiangalia sana, kisha akamnyooshea Jean-Baptiste. Kapita alikipokea, akakitazama, akavua kofia yake.

"Moustapha," alisema, "nilisema neno mbele ya watu. Ninalirudisha mbele ya watu. Unisamehe." Akamgeukia Hemedi, akasema vilevile.

Hemedi alijibu kwamba jiko lake lina chungu kinachomsubiri kapita, aje aone mwenyewe makuti yametoka wapi, na akija asije mikono mitupu. Hapo watu wakapumua.

Ni Gérard aliyekuwa hasikii tena maneno yao. Alikuwa amepiga magoti kando ya kichuguu, akifunua majani makavu kwa vidole. Chini ya kivuli cha kichaka, katika udongo laini uliorutubishwa na mchwa, palikuwa pamejaa miche midogo iliyoota yenyewe: mivule, na miti mingine ambayo wazee waliitaja kwa Kizimba, lugha yao ya nyumbani, mmoja baada ya mwingine, wakishangaa kuiona, kama watu waliokutana na ndugu waliodhani wamekufa. Ilikuwa watoto wa ule msitu wa zamani wa mlima. Hakuna aliyeijua, kwa kuwa hakuna aliyefika pale isipokuwa familia moja, nayo ilikuja siku za kumbikumbi tu na kuondoka.

"Mama," Gérard alimwambia Nyanya, "hii miche tunaweza kuichukua? Si yote."

"Sasa siri yangu mmeshaikanyaga kwa miguu," alisema Nyanya. "Chukueni. Lakini kichaka kibaki."

Walichimba siku ile yote na siku iliyofuata, kila mche na tonge la udongo wake. Vijana wa Kimalenga walibeba, wanawake wa Lusamba walisuka vikapu vipya, na Moustapha alipanda bandani kurudisha makuti. Emilienne alimpokeza kamba kutoka chini. Halafu Moustapha, bila kugeuka, akanyoosha mkono na kumwambia apande juu ya gogo aone vizuri, maana fundo hili mtu hujifunza kwa macho.

Binti alikuja na kibuyu. Alimwaga maji kwenye vikapu, akafika alipokuwa Emilienne, akasimama.

"Mwalimu wa vikapu," alisema, "hiki kimepinda."

*

Bwana Agronomu alifika Alhamisi katika gari lililopakwa tope. Alikuwa mtu mnene mwenye haraka, na alikuwa ameshapita kijiji kimoja asubuhi hiyo. Gérard angeweza kumwongoza upande ulio mzuri tu. Badala yake alimwongoza kwanza kwenye miche iliyokufa, akamweleza kwa Kifaransa jambo lote tangu mwanzo. Emilienne hakuelewa maneno, lakini aliona Mzungu akimtazama, akawa hana pa kuweka mikono.

Bwana Agronomu hakutabasamu wala hakugomba. Alizunguka kitalu chote, akaigusa mivule, akauliza ilipotoka, na alipoelezwa akataka kukiona kichaka. Alirudi suruali imechanika kwa miiba. Alisema miche ya mbegu zake imepungua, na hilo ataliandika; aliyoikuta badala yake ni miti ya hapa hapa inayoujua mlima huu, na hilo pia ataliandika. Hakutoa ahadi. Angerudi mvua zikipungua aone iliyopandwa mlimani kama inaishi.

Kwa hiyo hapakuwa na ngoma siku ile. Palikuwa na kazi. Mvua zote zile vijiji viwili vilipanda, vikachimba mitaro ya kuzuia udongo, vikaweka zamu ya kuzuia mbuzi na moto. Emilienne aliendelea kubeba maji kutoka bondeni, na aliendelea kuchelewa, ila sasa mwalimu aliambiwa sababu na Nyanya mwenyewe, aliyejikokota hadi shuleni kwa ajili hiyo, na nafasi yake ikangoja.

Bwana Agronomu alirudi, akaikuta miti mlimani inaishi, na kiangazi kilipoingia, lori la serikali lilisimama Lusamba. Lilileta simenti, lilileta bomba, lilileta fundi. Mashine ya mpunga ilikuja baadaye kidogo, na Hemedi na Jean-Baptiste walibishana kwa raha kuhusu nyumba ya kuiweka, hadi ikawekwa njiani kati ya vijiji. Maji yaliyokuwa yakipotea matopeni yalikusanywa nyuma ya ukuta, yakaanza kutoka kwenye bomba, membamba mwanzoni kama uzi, kisha kama kidole, kisha kama mkono wa mtoto.

Nyanya Anastasie alikuwa wa kwanza kunywa. Aliteremka kwa fimbo yake, polepole, hatua chache tu kutoka nyumbani, akakinga viganja. Alifumba macho, kama siku ile ya kumbikumbi.

"Ni baridi?" Emilienne aliuliza.

"Ni yale yale," alisema Nyanya. Akamkalisha kando yake juu ya mawe ya Kimalenga, na Binti naye akajipenyeza katikati. "Sikilizeni, ninyi wawili. Leta ilileta simenti, na tumeshukuru. Lakini simenti ingekwenda Kabambare kama mutoto mmoja asingefungua mdomo wake. Watu hawawezi kutunza kitu pamoja kama kila mmoja anamwogopa mwenzake, na wanaogopana kwa sababu ya jambo moja dogo lililofichwa. Ukikosa, sema mapema, ukiwa bado unaweza kutengeneza. Hata ukiwa umechelewa, sema tu vilevile. Na usichukue kivuli cha watu wengi ili kumfurahisha mmoja, hata kama mmoja huyo ni nyanya yako na anapenda kumbikumbi kupita kiasi."

Mvua ya kwanza iliporudi, baba yake Emilienne alikuwa amepewa likizo, na alipanda mngazi wake mwenyewe kukata makuti. Nyanya aliyahesabu kwa macho, akasema hayatoshi, kata mengine. Baba akauliza kwa nini, wakati kichuguu ni kimoja na hakijakua.

"Kichuguu hakijakua," alisema Nyanya. "Wageni ndio wameongezeka."

Na kweli, baba alipotazama njiani aliwaona wakija: Binti mbele, kikapu kichwani, na nyuma yake Moustapha, kamba za mgomba mabegani, akitembea waziwazi katikati ya njia, bila kujificha.